Mlango niliotaka kuung'oa Mikindani

Mwaka 2016 nilimshauri mama mmoja wa Mikindani, mji wa kale jirani na Mtwara, aung'oe mlango wa nyumba aliyoachiwa na babu yake. Nilikuwa nimemchorea ramani ya kuikarabati nyumba ile, na kwenye ramani yangu mlango haukuwa na pa kukaa. Ni mlango wa pande mbili, mzito, wa mbao ya mkongo, umechongwa nakshi kuanzia kizingiti cha juu mpaka chini kwenye miimo. "Mama," nilimwambia, "nyumba ya kisasa haitaki makorokoro." Hakunijibu. Aliingia ndani, akatoka na sahani ya muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai, akasema, "Kula kwanza, mwanangu."

Mlango hakuung'oa. Kazi nyingine zote nilizomshauri alizikubali, ikiwemo sakafu mpya ya saruji, na hiyo sakafu nitairudia. Lakini neno lile la makorokoro limenikaa moyoni miaka yote hii, na naona ni haki nieleze nililitoa wapi.

Mimi ni mtoto wa Mtwara mjini, ila likizo zangu zote za shule ya msingi nilizimalizia Newala, kwa bibi mzaa mama. Bibi yangu alikuwa na nembo usoni. Siku hizi ukisema nembo mtu anafikiria alama ya kampuni kwenye shati la mfanyakazi, au Nembo ya Taifa juu ya barua ya serikali. Kwa Wamakonde, na katika Kiswahili cha zamani pia, nembo ni chale zinazochanjwa mwilini kwa urembo na kwa kumtambulisha mtu. Za bibi zilikuwa mistari ya pembepembe, safu juu ya safu kwenye mashavu, na safu nyingine ikishuka kutoka kwenye paji hadi karibu na pua. Kwenye mdomo wa juu palibaki tundu la ndonya, kile kipande cha urembo cha mdomoni, ambayo alikuwa ameacha kuivaa zamani. Usiku akinilaza nilipenda kupitisha kidole kwenye ile mistari. Ilikuwa imeinuka kidogo, ngozi yake laini kuliko sehemu nyingine za uso. Alinieleza kwamba siku ya kuchanjwa walimlaza chali, na kidonda kikapakwa masizi ya mbarika ili alama ikolee. Mama yangu hakuchanjwa. Kwa rika lake jambo lile lilikuwa limeshaanza kuonewa aibu, hasa kwa waliokwenda shule.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya fito na udongo. Baada ya mavuno, wanawake walikuwa wakiipaka upya: chini udongo mwekundu mzito, juu udongo mweupe, na pale rangi mbili zinapokutana bibi alichora kwa vidole ukanda wa pembepembe zilezile za mashavuni mwake. Hakuna aliyeita kazi hiyo sanaa. Walisema tu wanapaka nyumba.

Sasa chukua mtoto huyo umpeleke chuo Dar es Salaam kusomea usanifu majengo. Mwalimu alitupa tusome mhadhara wa Adolf Loos, msanifu wa Austria, alioutoa Vienna mwaka 1910, ambao jina lake linaufunga urembo pamoja na uhalifu. Hoja yake kuu ni kwamba kadiri ustaarabu unavyopanda, ndivyo vitu vya matumizi vinavyovuliwa urembo. Na ushahidi wake wa mwanzo kabisa ni chale. Anasema Mpapua anajichora ngozi, anachora mtumbwi wake na kasia lake, wala si mhalifu. Lakini mtu wa kisasa anayejichora mwili ni mhalifu, au mtu aliyeharibika.

Nilikaa maktaba na karatasi zile, uso wa bibi ukanijia, na nikamwamini Loos. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikukasirika. Nilimwonea bibi huruma, nikamwona mtu aliyechelewa. Nilimaliza chuo nikijua kwamba kazi yangu duniani ni kuondoa vitu juu ya kuta.

Tena Loos alikuwa na hoja, na sitaki kumpunja. Vienna ya wakati wake ilijaa majengo ya vyumba vya kupanga yaliyobandikwa maua na sura za watu zilizomwagwa kwenye kalibu, ili yaonekane makasri. Alisema jasho la mfanyakazi linapotea bure, na mali pia. Hata kabla yake, mwaka 1892, Louis Sullivan wa Chicago alishaandika kwamba ingekuwa heri wasanifu waache urembo kwa miaka kadhaa, wajifunze kwanza jengo likiwa tupu. Sullivan huyohuyo aliendelea kuyavika majengo yake majani na maua ya chuma na udongo wa kuchoma, mazuri ya kushangaza. Na Loos naye, jengo alilolisimamisha Michaelerplatz, Vienna, lilikuwa na kuta tupu juu, tupu kiasi cha kuwaudhi watu wa mji mpaka akakubali kuweka masanduku ya maua madirishani. Lakini chini amelivika marumaru yenye mawimbi ya kijani. Sasa jiulize hiyo marumaru ilikuwa ya nini. Chuoni sikujiuliza.

Nilirudi Mtwara mwaka 2014. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, wageni wanatafuta nyumba za kupanga, na kila mwenye kiwanja anaanza msingi. Fasheni niliyoikuta ilikuwa ya urembo mwingi: nguzo za zege zenye mabiringo kwenye kibaraza, simba wawili juu ya geti, kingo za lipu kuzunguka kila dirisha, grili za maua na nyota, dari za jipsamu zenye ngazi tatu. Vingi vilitoka kwenye kalibu zilezile, nguzo ya Mtwara ikafanana na ya Mbeya na ya Mwanza. Moyo wangu wa kinabii ukawaka. Nikaja na dawa: kuta tupu, nyeupe na kijivu, vioo vya aluminiamu, na paa la kuficha, yaani bati linalala nyuma ya ukuta ulioinuliwa juu ili kwa mbele nyumba ionekane kama sanduku. Watu waliipenda haraka kuliko nilivyotarajia. Ndani ya miaka michache waliokuwa wanataka simba wakawa wanataka sanduku. Niliwaona wakibomoa tofali za maua zilizokuwa zinapitisha upepo wa kusi sebuleni, wakaweka kioo kizima, kisha mwezi wa kumi na moja wananunua kiyoyozi.

Kuna jambo nililijifunza mapema, sikulitaja kwa wateja. Ukuta mtupu ni ghali. Nilidhani kuondoa urembo ni kuondoa gharama. Lakini pale lipu inapokutana na fremu ya mlango huwa kuna ufa; ule ubao wa urembo unaopigiliwa kuzunguka fremu kazi yake ni kuufunika. Dari inapokutana na ukuta haiwi sawa. Ule mkanda wa urembo unauficha mstari uliopinda. Ukiviondoa, fundi lazima apige kazi isiyo na kosa hata la unene wa kucha, na fundi wa namna hiyo anajua bei yake. Wateja wangu wenye uwezo walipata nyumba tupu nzuri. Wenye mkopo walipata nyumba tupu yenye nyufa.

Ila kilichonivunja ni maji. Nilimjengea mwalimu mmoja mstaafu nyumba Shangani, hapa Mtwara. Ndiyo kazi yangu niliyojivunia kuliko zote, hata picha yake nilikuwa nawaonyesha wateja wapya kwenye simu. Mvua za kwanza zilileta michirizi myeusi chini ya kila dirisha. Tukapaka rangi. Mvua za pili dari ya chumba cha kulala ikaanza kutoa ramani za kahawia. Kisha mwanzoni mwa Mei 2024, siku zile za Kimbunga Hidaya, mzee akanipigia usiku. Hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, njoo uione nyumba yako." Nilipofika nilikuta magodoro yameegemezwa ukutani na mkewe anakinga maji kwa beseni la kufulia. Gata nyuma ya ule ukuta wa kuficha ilikuwa imeziba kwa majani ya mwembe, maji yamejaa, yamekosa njia, yameingia ndani. Na ukutani nje yalikuwa yanateremka kama yamepewa njia, yakifika juu ya dirisha yanageuka kuingia.

Niliomba msaada kwa mzee mmoja fundi wa chokaa wa Mikindani, mtu wa makamo ya marehemu bibi yangu, anayejua nyumba za mawe kwa mkono. Nilimkuta nyumbani kwake, nikamwamkia, akaniitikia marahaba huku anaosha ndoo. Hakutaka kwanza kwenda Shangani. Alijaza maji kwenye chupa ya soda, akanipeleka kwenye nyumba moja ya zamani pale mjini, yenye ukingo wa chokaa uliotokeza juu ya madirisha. Nilikuwa nimeupita ukingo ule mara mia. Kwenye daftari langu niliuandika "urembo". Akapanda kwenye baraza, akamimina maji juu ya ukingo taratibu. Maji yakatembea, yakafika kwenye mdomo, yakaning'inia, yakadondoka chini mbali na ukuta, kama shibiri moja. Ukuta ulikuwa mkavu. "Weka kidole chini yake," akasema. Nikaweka. Chini ya ukingo, kwa ndani kidogo, kulikuwa na mfuo mwembamba umepita kutoka mwanzo hadi mwisho, upana wa kalamu. Hauonekani mpaka uinamishe shingo.

Ndipo tukaenda Shangani. Akamimina maji yaleyale juu ya dirisha langu. Yalishika ukuta, yakateremka, yakazunguka pembe ya juu ya dirisha kwa chini, yakaingia kwenye fremu. "Maji yanapenda kunyonya ukuta," akasema mzee. "Lazima uyaachishe. Ule mfuo ndio unaoyaachisha."

Nilirudia nyumba ile kwa fedha yangu, kingo zenye mfuo juu ya kila dirisha na bati likatoka nje ya ukuta kama mabati ya watu wengine. Nami nikaanza kuzunguka Mikindani kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, naangalia kila kitu nilichokiita makorokoro, nauliza kinafanya nini. Ule mfaa, mti uliosimama katikati ya mlango wa pande mbili, wenye nakshi kuliko sehemu nyingine zote, unafunika mwanya ambapo pande mbili zinakutana, upepo na jicho la mpita njia visiingie. Vile vichwa vya misumari vya shaba vinakamata mbao za nje na magogo ya nyuma. Baraza nje ya ukuta inazuia maji ya mvua yasipige mguu wa nyumba. Na nilimkumbuka bibi. Ule udongo mwekundu wa chini ndio unaopokea matone ya matope yanayoruka ardhini mvua ikinyesha. Hata leo nyumba nyingi za mjini zina mkanda wa rangi ya mafuta chini ya ukuta, na wenye nyumba hawajui kwamba wanafuata darasa la bibi zao.

Kwa muda nikawa mhubiri tena, wa dini nyingine. Kila urembo una kazi, nilikuwa nikiwaambia mafundi wangu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekwisha kupata jibu.

Jibu hilo lilinitoka Kilwa Kisiwani. Nilikwenda na vijana wawili wa ofisini, tukavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Nilitaka kuwaonyesha Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, la enzi zilezile ambazo msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, mwaka 1331. Nilitaka waone bwawa lake la pembe nane, na jinsi mafundi walivyolichonga tumbawe likiwa bado bichi kutoka baharini, laini kwa patasi, kabla halijakauka na kuwa jiwe. Yote hayo tuliyaona. Lakini kilichonisimamisha ni ule msikiti mdogo wa kuba, usio mbali na Msikiti Mkuu. Ukiinua macho ndani yake unaona mahali palipopachikwa bakuli za kigae kinachong'aa, zilizokuja kwa majahazi kutoka ng'ambo. Baadhi zimebaki. Penye nyingine pamebaki mduara mtupu kwenye chokaa, kama tundu la jino.

Kijana wangu mmoja, ambaye nilikuwa nimemhubiria sana, akauliza, "Na hizi zinafanya kazi gani?"

Sikuwa na la kusema. Bakuli iliyojengewa darini hainywewi mchuzi. Haizuii mvua, haifuniki ufa. Kuna mtu aliyekuwa na chombo cha thamani, kilichovuka bahari nzima, ambacho angeweza kukilia chakula au kukiuza, akakitoa kikapachikwa juu ambako hatakigusa tena. Alitaka waja wakiinua vichwa waone kitu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka wenzangu wakanitangulia. Nilikuwa nimemsamehe bibi nembo zake kwa sababu nilikuwa nimezipatia kazi ukutani. Lakini nembo za usoni hazikuwa na mfuo wa kuachisha maji. Alilazwa chali, akavumilia kisu, ili awe mwenyewe, wa watu wake, na awe mzuri. Hakuhitaji kusamehewa na mimi. Alikuwa amekwisha kufariki nilipolijua hilo.

Mapema mwaka jana yule mama wa Mikindani aliniita. Mlango uleule. Nilipoingia uani nilimkuta amekaa juu ya mkeka anachambua mchele. Shikamoo mama, marahaba, hawajambo nyumbani, kisha akanionyesha kwa kidevu. Chini ya mwimo wa kushoto mbao ilikuwa imeoza, unaingiza kidole kinazama. Kuoza kwenyewe kulianzia palepale ile sakafu yangu ya saruji ya 2016 ilipoukumbatia mguu wa mwimo. Zamani mguu ule ulikaa juu ya jiwe, kwenye chokaa inayopumua. Mimi niliufungia unyevu. Nilimwambia ukweli huo bila kuuzungusha. Akasema, "Basi utaurudisha ulivyokuwa."

Akanieleza pia kwamba kuna mtu alikuja na gari akitaka kuununua mlango mzima, na bei aliyoitaja ingemjengea choo na uzio. Alikataa kwa sababu zake. Mimi nikamwongezea ya kisheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inauweka mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 katika vitu vinavyolindwa, na kuupeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Alitikisa kichwa. "Kumbe serikali nayo iliwahi kuuona mlango," akasema.

Tuliushusha kwa watu sita. Mlango wenyewe hauna bawaba. Kila upande una kijiti kilichochongwa kwenye mbao yake yenyewe, juu na chini, kinazunguka ndani ya tundu. Tulipoulaza kwenye mikeka niliweza kuuona kwa ukaribu ambao sikuwahi kuutafuta. Katikati ya kila ua la mviringo kuna nukta moja, ilipokaa ncha ya bikari. Ua la tatu kutoka juu nukta ni mbili. Fundi alikosea, akasogeza, akaanza upya, na petali zikajibana kidogo upande wa kulia. Nyuma ya mfaa, mahali ambapo hakuna mtu angepaona, alijaribia patasi yake kwa alama fupifupi, kumi na moja.

Kwa kuchonga kipande kipya nilimtafuta kijana Mmakonde wa pale Mtwara anayechonga vinyago vya mpingo. Mwimo wa kulia ulikuwa bado una samaki wake chini, kwa hiyo samaki wa kushoto aliwanakili. Lakini juu ya samaki kulikuwa na ukanda, upana wa vidole vitatu, ambao kulia ulikuwa umeliwa na mchwa na kushoto umeoza. Kijana akauliza hapo palikuwa na nini. Mimi sikujua. Mama akafikiri sana. Alisema utotoni alikuwa akikaa pale chini akisubiri kufunguliwa, mgongo umeegemea palepale, na hakumbuki.

Kijana akachukua penseli, akachora pembepembe, safu juu ya safu. Nilizitambua kabla hajafika nusu, ulimi ukanikauka. Sikumwambia kitu.

Mama aliinama, akapitisha kidole gumba juu ya mistari ya penseli mpaka ikafifia. "Hizi ni nembo za Kimakonde," akasema.

"Ndiyo, mama," kijana akajibu. "Nizifute?"

"Usifute. Ila zishushe kidogo, zimewaacha samaki mbali."

Akafuta safu ya juu kwa kidole kilicholowa mate, akaichora upya chini. Nilimshikia rula.